Nundu Tatu za Chungu cha Corravan

Kiwanda cha Corravan
Jumatatu, 6 Aprili 1964
Asubuhi: theluji nyepesi juu ya paa la ghala, imeyeyuka kabla ya saa nne. Upepo wa kaskazini.

Bwana Riach,

Barua ya karakana yenu ya mjini Elgin imetufikia. Meneja wetu, Bwana Pirie, ameniagiza nikujibu, kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza vitabu vya kiwanda hiki na ndiye ninayejua yaliyomo.

Chungu chetu kikubwa cha shaba, cha kukenekea wiski, kilifuliwa mwaka 1911. Kiwanda chenyewe kina umri wa miaka mia moja na thelathini na minane, na hiki ni chungu chake cha nne. Shaba imeliwa kutoka ndani hata mabegani imekuwa nyembamba kama ganda la yai. Wenye kampuni wamekubali kipya, kwa sharti moja: kifanane na cha zamani kwa kila kitu, mpaka mabonyeo yake. Wewe ni mfua shaba, huna haja ya kuelezwa. Watu wa hapa wanaamini ladha ya wiski inakaa kwenye umbo la chungu. Ukinyoosha bonyeo moja, utaambiwa umeiua Corravan.

Njoo upime Jumanne ijayo. Tutakuwa tumezima moto.

Usishangae kuona hali ya hewa juu ya barua ya kazi. Naandika daftari la siku tangu nina miaka kumi na mitatu: asubuhi hali ya hewa, usiku saa niliyolala. Mkono umezoea.

Jina la Riach ni la Elgin, au mna watu bondeni kwetu? Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Wako kwa heshima,
Isobel Strachan (Bi.)
Karani

*

Karakana ya Shaba, Elgin
Ijumaa, 17 Aprili 1964

Bi Strachan mpendwa,

Nashukuru kwa chai, na kwa ile keki ya shayiri niliyofungiwa kwenye karatasi. Nilisikitika kutokukuta. Meneja wako aliniambia umeamka na kichwa kinauma. Natumaini sasa hujambo.

Nilipima siku nzima. Mzee Eck wa chumba cha vyungu alinishikia kamba, na kila nikisogea alisema, "Taratibu, fundi, huyu ni bibi kizee, usimshike kiuno bila kubisha hodi." Nilimwambia nimeshika viuno vya vyungu thelathini na hakuna hata kimoja kilicholalamika. Akajibu, "Wa Corravan hulalamika. Ngoja tukiwasha moto."

Nimehesabu hivi. Bonyeo kubwa begani upande wa kushoto. Bonyeo refu chini ya shingo, kama limechapwa na ubapa wa koleo. Alama ndogo ndogo nyingi shingoni, hizo nazijua: ni za lile tufe la mti lililoning'inizwa kwa mnyororo, ambalo wapishi wa wiski hugongea shingo kusikia povu limepanda hadi wapi. Na bonyeo moja chini, karibu na mguu. Bwana wangu aliyenifundisha kazi alikuwa na desturi: hakupiga bonyeo bila kujua habari yake. Alisema nyundo isiyojua inapiga nini hupiga vibaya. Kwa hiyo nakuomba historia ya kila moja.

Liko jambo jingine. Karibu na mlango mdogo ambao mtu huingilia kwenda kusugua, chini ya tabaka sita za chokaa, kuna nundu tatu. Sisemi mabonyeo, nasema nundu. Zimetokeza nje. Zimekaa pamoja, nafasi ya kiganja. Kitu kilichopiga pale kilipiga kutoka ndani.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, sijapata kuona kitu kama hicho.

Na moja la mwisho, si la kazi. Nilipokuwa nafungasha vifaa, kijana wenu Dougie aliingia kusugua kile chungu kidogo, na mwenzake akamfokea, "We Dougie, kofia! Unataka kuwa Riach?" Wakacheka. Hawakujua jina langu, meneja alikuwa amenitambulisha kama "fundi wa Elgin" basi. Mzee Eck aliniambia ni msemo wao tu, maana yake mtu mzembe. Nilicheka nao. Nimejilaumu njia nzima kwa kucheka.

George Riach

*

Corravan
Jumanne, 21 Aprili 1964
Asubuhi: manyunyu, ukungu umeshuka hadi darajani.

Bwana Riach,

Nimepekua vitabu. Haya ndiyo niliyopata.

Bonyeo la begani ni la siku chungu kilipofika, Septemba 1911. Kililetwa kwa gari la farasi wanne. Darajani farasi mmoja, jina lake Duchess, aliona bata akaruka. Chungu kikaegemea ukuta wa daraja. Meneja wa wakati ule aliandika: "Kimefika. Kimebonyea. Bata hajaumia."

La chini ya shingo ni la mwaka 1919. Kiwanda kilikuwa kimefungwa wakati wa vita kwa sababu shayiri ilihitajika kwa mkate. Siku ya kuwasha tena, king'ora cha bwela, lile tangi la mvuke, kililia, na Peter Shand, aliyekuwa amerudi kutoka vitani Ufaransa miezi mitatu tu nyuma, alirusha koleo na kujilaza chini ya chungu akiwa amejifunika kichwa. Hakuna aliyecheka. Mpaka alipostaafu, kila asubuhi Peter alikipapasa chungu mahali pale kabla ya kuanza kazi.

La mguuni ni la 1934. Tulikuwa tumefungwa miaka miwili kwa sababu wanunuzi hawakuwepo duniani, na siku ya kufungua tena walimwita mpiga zumari. Walimnywesha kabla hajapiga badala ya baada. Alianguka na zumari lake.

Kuhusu hizo tatu, vitabu havina neno. Zinaweza kuwa kosa la mfuaji wa kwanza. Bwana Pirie hakujua hata kwamba zipo. Sidhani kampuni itajali ukiziacha.

Samahani kwa msemo wa vijana. Nitazungumza nao.

Isobel Strachan

*

Elgin
Jumatatu, 27 Aprili 1964

Bi Strachan mpendwa,

Barua yako nimemsomea mke wangu. Kwa bata tumecheka, kwa Peter Shand aliniomba nisome tena. Una mkono mzuri.

Lakini mfuaji wa kwanza hakukosea. Kosa la karakana hutambulika: shaba huwa imepigwa ikiwa moto, na ukingo wake ni laini. Hizi zimepigwa shaba ikiwa baridi, imeshachakaa, kwa chuma. Anayeingia kusugua huingia na nyundo ndogo ya kubandulia gome lililoganda. Nadhani unaona ninapokwenda.

Uliniuliza kama tuna watu bondeni kwenu. Tulikuwa na mmoja. Kaka yangu Walter, sisi tulimwita Wattie, alifanya kazi Corravan mwaka mmoja na nusu. Tarehe 14 Oktoba 1936 aliingia kwenye chungu hicho kusugua. Mpishi wa zamu, mtu aitwaye Duguid, akafungua vali ya kujazia, na pombe mbichi iliyokwisha kupashwa moto ikamiminika juu yake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi nilikuwa na kumi na minne.

Unaijua kanuni yenu, ya kabla hata ya chungu hiki. Mtu akiingia chunguni hutundika kofia yake kwenye gurudumu la vali. Kofia ikiwa pale, hata meneja hagusi gurudumu. Anayeiondoa ni mwenye kichwa chake. Uchunguzi ulisema Wattie hakutundika. Duguid aliapa: "Sikuona kofia." Basi ikaandikwa kwamba kaka yangu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, na leo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanafokeana kwa jina letu.

Mama yangu hakukubali kamwe. Wattie alikuwa mtu wa kutundika kofia hata nyumbani. Akiosha sufuria, aliitundika kwenye bomba la maji, akatuambia, "Asiguse mtu, niko ndani." Tulikuwa tunakufa kwa kucheka.

Na kuna jambo ambalo hakuna mkubwa aliyetaka kulisikia. Vitu vyake vililetwa nyumbani ndani ya gunia: buti, koti, kikopo cha tumbaku, filimbi. Kofia haikuwemo. Kama hakuitundika, alikuwa ameivaa. Kama alikuwa ameivaa, ingekutwa chunguni. Haikukutwa. Mama alikufa mwaka 1955 akiuliza swali hilohilo: kofia ya mwanangu iko wapi?

Mimi jibu langu ninalo. Duguid alifungua vali bila kutazama, kisha akaiona kofia, akaificha kujiokoa. Nilisikia amekufa. Je, aliacha watoto? Sitaki kuwagombeza. Nataka tu mtu mmoja aniambie usoni kwamba kaka yangu aliitundika.

George Riach

*

Corravan
Jumatatu, 11 Mei 1964
Asubuhi: jua kidogo, kisha mawingu.

Bwana Riach,

Bwana Pirie anauliza chungu kitakuwa tayari lini, ili tupange mwezi wa kuvunja ukuta kipate kuingia.

Duguid alikufa mwaka 1951. Baada ya ajali hakurudi tena kwenye vyungu. Aliomba kazi ya kugeuza shayiri inayooteshwa kwenye sakafu ya kimea, akaifanya miaka kumi na mitano na koleo la mti, bila kusema na mtu. Hayo yamo kwenye vitabu.

Mengine nitakujibu nikipata nafasi.

I. Strachan

*

Elgin
Jumatatu, 8 Juni 1964

Bi Strachan,

Chungu kiko tayari isipokuwa mahali pamoja.

Nimempiga Duchess begani, nimempiga Peter Shand, nimemwangusha mpiga zumari. Alama za tufe nimezipiga moja moja kwa siku mbili, mia moja na kumi na nne. Zimebaki nundu tatu. Kuzipiga kunanibidi niingie ndani, nikae kama alivyokaa, na nyundo mkononi, nipige kuelekea nje. Niliingia juzi. Nilikaa humo mpaka mwanafunzi wangu akaniita mara mbili. Sikupiga.

Humo ndani, Bi Strachan, mtu husikia kila kitu cha nje. Nilisikia mwanafunzi akivuta kamasi. Maana yake na wa nje husikia. Wattie alipiga mara tatu kwa nguvu za kutokeza shaba, na kiwanda kizima kikamwacha. Hilo ndilo sikuwa nalijua kabla ya kazi hii, na natamani nisingelijua.

Umekaa kimya mwezi mzima. Wewe unajua bata aliruka mwaka gani. Siamini kwamba hujui hili. Nipige au nisipige? Bila kujua, sipigi.

George Riach

*

Corravan, nyumbani
Jumapili, 14 Juni 1964
Asubuhi: mvua, imekatika saa tano. Harufu ya mboji bonde zima.

Bwana Riach,

Strachan ni jina la marehemu mume wangu. Kabla ya kuolewa niliitwa Isobel Duguid. Mpishi uliyemtaja ni baba yangu. Siku uliyokuja kupima sikuwa na kichwa kinachouma. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nikatazama unavyotembea, na unatembea kama yeye.

Baba yangu hakuificha kofia. Aliapa kwamba hakuiona, na alisema kweli. Haikuwepo. Niliichukua mimi.

Nakunakilia daftari langu la siku ile, neno kwa neno. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

"Jumatano, 14 Oktoba 1936. Asubuhi: manyunyu, joto kuliko jana. Shule imefungwa kwa ajili ya kuvuna viazi. Nimempelekea baba chakula saa saba. W. alikuwa kisimani kichwa wazi, anakunywa maji, akaniita Bi Kalamu, akauliza leo nimeandika mawingu mangapi. Sikumjibu. Kofia yake ameisahau kwenye gurudumu. Bitana yake imechanika. Leo nimeiba kofia. Nitaishona. Nitaona kama atakuja kuidai."

Hapo ndipo pameishia. Saa ya kulala haikuandikwa.

Unaelewa kosa langu. Nilimwona nje, nikafikiri amemaliza kazi na kofia ameisahau. Alikuwa ametoka kunywa maji tu, na kofia aliiacha palepale kwa sababu alikuwa anarudi ndani, akarudi bila kuitazama tena. Aliitundika, Bwana Riach. Aliitundika vizuri, ikitazama mlangoni, kama inavyotakiwa. Mtoto yeyote wa kiwanda hiki anajua kwamba kofia ya gurudumu haiguswi. Nami nilijua. Lakini nilitaka anifuate nyumbani kuiomba, na nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kufikiri.

Nilikuwa katikati ya uwanja, nimeificha chini ya aproni, niliposikia mapigo matatu. Sote tuliyasikia. Kile chungu kingine kilikuwa kinachemka, na kila mtu, hata baba aliyekuwa na mkono kwenye gurudumu, alidhani ni msaidizi wake juu anagonga shingo kwa tufe kusikiliza povu. Kwetu sauti hiyo haishtui. Ni kama kuku anayelia. Niliendelea na safari. Nilikuwa nashona bitana wakati ving'ora vilipolia.

Baba aliikuta kofia sandukuni mwangu siku ya nne, kabla ya uchunguzi. Aliishika muda mrefu. Akaniuliza, "Nani mwingine ameiona?" Nikasema hakuna. "Mama yako?" Nikasema hapana. Akairudisha sandukuni, akafunga, akasema, "Basi, binti, hakuna kofia." Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa. Alikwenda kwenye uchunguzi akasema neno moja la kweli, na neno hilo likamzika kaka yako mara ya pili.

Naishi nyumba ileile, ukuta mmoja na chumba cha vyungu. Kila wanapowasha moto chungu kile hugonga mara tatu kabla ya kutulia. Mafundi wanasema shaba inatanuka. Inawezekana. Lakini mimi niliandika kwa mkono wangu kwamba nitaona kama atakuja kuidai, na miaka ishirini na minane nimekuwa nikisubiri mlango ugongwe. Ukifungua daftari langu lolote utakuta saa za kulala: saa nane, saa tisa, saa tisa na nusu. Mume wangu alidhani ni ugonjwa.

Mzee Eck anajua kidogo. Aliniona nikipita uwanjani siku ile na mkono chini ya aproni. Hajawahi kuniuliza. Ndiyo maana alikuambia uangalie unaposhika.

Kofia ninayo. Niambie niitume wapi. Na kama utataka kwenda kwa polisi, au gazetini, au kwa Bwana Pirie, sitakana.

Isobel Duguid

*

Elgin
Alhamisi, 2 Julai 1964

Isobel Duguid,

Barua yako niliisoma karakanani. Nikaikunja, nikafua bomba lisilohitaji kufuliwa mpaka likaharibika. Siku tatu sikumwambia mke wangu. Nilipomwambia alisema, "Kumi na mitano, George. Mwanetu Jean ana kumi na mitano." Nilimwambia anyamaze. Baadaye nikaenda kumwomba radhi.

Sitakwambia nimekusamehe. Leo sijui. Wakati mwingine nakuwaza una aproni, wakati mwingine nakuwaza una miaka thelathini, arobaini, unakaa ofisini na kusikia wanasema "usiwe Riach" na unaendelea kuandika. Yule wa aproni naweza kumvumilia. Huyu wa ofisini ananishinda.

Nimemtukana baba yako miaka ishirini na minane, na makosa yake hayakuwa yale niliyomtukania. Hilo nalo sijui niliweke wapi.

Sitaki polisi. Nataka haya. Kwanza, uwaambie wenzako wewe mwenyewe, kwa mdomo, wote wakiwepo, na Dougie awepo. Pili, iandikwe kwenye daftari la kiwanda, kwa wino, chini ya tarehe ile ya 1936. Tatu, kofia usiitume kwa posta. Tutafunga chungu kipya tarehe 28. Pale kwenye mlango shaba nimeiacha laini, haijapigwa. Nitaingia kuipiga hapohapo. Uje na kofia, uirudishe ulipoitoa, na usimame hapo mpaka nitoke.

Siku hiyo uandike kwenye daftari lako kama unavyoandika siku zote, kisha uninakilie. Nataka kuwa na karatasi yenye mwisho.

George Riach

*

Corravan, nyumbani
Jumatano, 29 Julai 1964
Asubuhi: kimya, joto, nyuki wengi kwenye maua ya ukutani.

Bwana Riach,

Uliniomba nakala. Hii hapa. Sikubadilisha neno.

Isobel Duguid Strachan

"Jumanne, 28 Julai 1964. Asubuhi: jua, umande mzito, hakuna upepo. Moshi wa jikoni umepanda wima.

Saa tatu wote walikusanyika chumba cha vyungu. Bwana Pirie, ambaye nilimweleza wiki iliyopita, alininong'oneza, 'Bi Strachan, si lazima iwe mbele ya wote.' Nikamwambia ni lazima. Nilisoma daftari la 1936 kwa sauti, kisha nikasema yasiyoandikwa. Nilikuwa nimeogopa sauti ingekatika. Haikukatika, ilitoka kavu kama ninasoma hesabu ya magunia.

Kisha Dougie akauliza, 'Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunasema nini?'

Mzee Eck akasema, 'Upuuzi, Dougie. Tulikuwa tunasema upuuzi. Na mimi nilikuwa wa kwanza.' Akavua kofia. Akanitazama, akasema, 'Nilidhani ni mkate umeiba, binti. Nikajilazimisha kuamini ni mkate.'

George Riach alikwenda kwenye chungu. Alivua koti, akachukua nyundo, akaingia kwenye mlango mdogo mabega kwanza, kama wanavyoingia wote.

Nikaitoa kofia. Nimeishika mara nyingi, lakini si mbele ya watu. Nikaitundika kwenye gurudumu, ikitazama mlangoni. Nikasimama mbele yake. Kijana wa bwela alipita na kopo la mafuta, akanyoosha mkono kupaka mhimili wa gurudumu, kwa mazoea tu. Nikamwambia, 'Hakuna anayegusa.' Akarudi nyuma kama ameungua.

George Riach alikaa humo muda mrefu kabla ya kuanza. Kisha akapiga. Pigo la kwanza nililisikia kwenye meno. La pili shaba ilitokeza, niliiona ikija kuelekea kwetu, na Bwana Pirie akageukia ukuta. La tatu.

Baada ya la tatu ndipo palipokuwa pagumu. Siku ile baada ya la tatu niliendelea kutembea. Leo nilisimama. Nikahesabu hadi arobaini na moja. Kisha mkono wake ukatoka, na nyundo, na kichwa chenye mvi kilicholoa jasho. Mzee Eck akamshika kwapa akamvuta.

Akaja moja kwa moja hadi kwenye gurudumu. Akasimama mbele yangu, akasema, 'Nimekuja kuidai.'

Nikasogea pembeni. Akaiondoa mwenyewe. Akageuza ndani akaangalia bitana. 'Umeishona,' akasema. Nikasema, 'Siku ileile. Kabla sijajua.' Alipitisha kidole kwenye uzi, mwanzo hadi mwisho. Kisha akaivaa. Ilikuwa ndogo, ilimkalia utosini kama ya mwanafunzi. Dougie alitaka kucheka, akajizuia, na George Riach mwenyewe ndiye aliyecheka, mara moja, bila furaha nyingi. Akasema, 'Alikuwa na kichwa kidogo, yule. Mama alikuwa akimtania.' Aliondoka nayo kichwani. Nilimwona akivuka daraja hivyohivyo. Hakuniaga kwa mkono, lakini alipofika kwenye lori aligeuka akatazama.

Saa sita nimeandika kwenye daftari la kiwanda, chini ya 14 Oktoba 1936, kwa wino mweusi: 'Walter Riach aliitundika kofia yake.' Bwana Pirie ametia sahihi chini.

Saa kumi wamejaza chungu maji na kuwasha moto wa kwanza wa kujaribu. Nilikaa kitandani, mkono ukutani, nikasubiri. Shaba ilipata joto polepole. Ilitanuka kimya.

Nimelala saa tatu kasoro dakika kumi usiku, kungali mwanga wa kiangazi nje."